DARSA YA IJUMAA: IDD INAPOKARIBIA NA MARADHI YAKO MLANGONI

(Tafadhali usisome karatasi hii imamu akiwa juu ya mimbari. Ukimaliza kusoma mpe jirani yako, na usiitupe njiani, kwani jina la Mwenyezi Mungu limo ndani yake.)

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.



Kila mara Idd inapokaribia, na ikawa kuna maradhi yanayotembea katika nchi, watu huniletea maswali yale yale. Nimpe mkono au nisimpe? Niende Beni kumsalimia mama au nibaki? Akifa mtu wetu, ataoshwa? Mwaka 2019 niliulizwa maswali hayo nikiwa sijajiandaa, na baadhi ya majibu niliyoyatoa siku zile yalikuwa na upungufu. Leo nataka tuyasome pamoja kwa utulivu, kabla ya siku ya kuulizana haijafika. Maradhi haya yana desturi ya kurudi. Ebola iliyotangazwa kwisha kwetu tarehe 25 Juni 2020 ilizuka kule Bulape, Kasai, mwezi wa Septemba 2025, ikatangazwa kwisha tarehe 1 Desemba 2025. Katikati hapo tuliletewa korona, tukaletewa mpox. Hatujui kesho italeta nini, lakini Idd tunajua itakuja.

Hebu tukumbuke ilivyokuwa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina upande wa Beni. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo ilikuwa imefika Tchomia, hapa karibu na ziwa. Kisha tukasikia Mandima, tukasikia Komanda, tukasikia Mambasa. Sisi wa Bunia tulikuwa tunasema, "Hiyo ni ya watu wa Beni." Tarehe 14 Julai 2019 ikatangazwa Goma, na tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani likasema sasa ni dharura ya ulimwengu mzima. Idd el-Hajj ya mwaka ule ilikuwa Jumapili tarehe 11 Agosti. Hesabu mwenyewe: kutoka siku ya tangazo lile mpaka siku ya takbira ni siku 25 tu.

Na siku zile hazikuwa na Ebola peke yake. Vita vya Djugu vya mwezi wa Juni 2019 vilijaza Bunia watu waliokimbia vijiji vyao, jamaa nzima chini ya hema moja. Surua ilikuwa inaua watoto nchi nzima. Mpaka mwanzo wa mwaka 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000, yaani wengi kuliko Ebola yenyewe, na haikuwa na magari meupe wala redio. Waliokuwa wamejiandaa kwenda Makka wakaambiwa Saudia imesimamisha viza za Wakongomani kwa ajili ya Ebola. Wapo waliokuwa wameweka akiba miaka mingi kwa safari ile. Kwa hiyo usishangae mtu akisema mwaka ule Idd ilikuwa nzito.

Ilipokwisha, waliougua walihesabiwa 3,470 na waliokufa 2,287. Hiyo ndiyo hesabu ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, pamoja na wachache walioguswa Kivu ya Kusini.

AJALI IMEANDIKWA, KWA NINI NINAWE?

Hili ndilo swali la kwanza, na mara nyingi huulizwa na mtu mwenye imani njema. Anasema, "Shehe, siku yangu imekwisha andikwa. Ndoo ya maji na javel itaibadilisha?"

Jibu lake lilikwisha tolewa zamani na watu bora kuliko mimi na wewe. Katika mwaka wa 18 wa Hijra tauni ilizuka Sham, ile inayoitwa tauni ya Amwas. Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa njiani kwenda huko na watu wake, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari. Akawauliza Muhajirina, wakahitilafiana. Akawauliza Ansari, wakahitilafiana. Akawauliza wazee wa Kikuraishi, hao wakakubaliana kwamba arudi. Akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.), aliyekuwa amiri wa jeshi la Sham, akamwuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana hii, kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari yake nyingine. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja ni kavu. Akichunga penye majani ni kwa kadari, na akichunga penye ukavu ni kwa kadari. Hakuna mchungaji atakayekaa kwenye ukavu akasema anamtegemea Mungu.

Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwepo kwenye mashauri, akasema analo neno alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.): mkisikia tauni iko katika nchi msiiendee, na ikizuka katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu akageuza safari.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita. Umar alirudi Madina. Abu Ubayda alirudi kwa watu wake Sham, akakaa nao, akafa kwa tauni ile ile, na baada yake Muadh bin Jabal akafa pia, Mwenyezi Mungu awe radhi nao. Je, mmoja alikuwa na imani na mwingine hakuwa nayo? Hapana. Wote wawili walifuata hadithi moja. Aliyekuwa nje hakuingia, na aliyekuwa ndani hakutoka. Mwisho Amr bin Aas (R.A.) aliposhika uongozi aliwaamuru watu watawanyike milimani wasikae kundi moja, na Mwenyezi Mungu akaiondoa.

(Tauni ile ya vitabuni si kitu cha Waarabu wa kale tu. Iko hapa hapa Ituri mpaka zama zetu, upande wa Rethy, na inaletwa na viroboto wa panya. Mwanangu wa madrasa akisoma neno tauni asidhani ni hadithi za mbali.)

MKUSANYIKO

Wapo wanaosema kwamba maradhi yakizidi ndipo tukusanyike zaidi tumlilie Mola wetu. Nia ni njema. Lakini imamu Ibn Hajar al-Asqalani, yule aliyeisherehesha Bukhari, aliandika kitabu kizima juu ya tauni, naye ni mtu aliyezika mabinti zake kwa ugonjwa huo. Anaeleza kwamba mwaka 833 wa Hijra, ambao ni 1430 wa Miladi, tauni iliingia Cairo, na waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika 40. Watu wakaambiwa wafunge siku tatu, kisha wakatoka jangwani kwa wingi, wakaomba, wakarudi mjini. Mwezi haujaisha, waliokufa kwa siku wakapita 1,000. Ibn Hajar hakuikataa dua. Alichokisema ni kwamba mkusanyiko ule haukuwa mwendo wa Masahaba katika tauni. Dua unaweza kuiomba usiku chumbani kwako, na Mwenyezi Mungu anasikia chumbani kama anavyosikia uwanjani.

Ndiyo maana mwaka 2020, korona ilipoingia na serikali ikafunga misikiti tangu Machi mpaka Agosti, Idd zote mbili, ya tarehe 24 Mei na ya tarehe 31 Julai, tuliswali majumbani. Wazee wengine walilia. Nami nasema kweli, niliposimama kwenye barza yangu na watoto wangu sita nyuma yangu, sauti ilinikwama kwenye takbira ya tatu. Lakini swala ile ilikuwa sahihi. Imepokewa kwamba Anas bin Malik (R.A.), akikosa Idd pamoja na watu, alikuwa akikusanya watu wa nyumba yake akaswali nao. Ni rakaa mbili, takbira saba katika ya kwanza baada ya takbira ya kuingilia, na tano katika ya pili. Anayeswali peke yake hana hotuba. Jifunze sasa, umfundishe mkeo na wanao, usingoje siku yenyewe.

MKONO

Ndugu yangu, hapa Bunia mtu asiyetoa mkono siku ya Idd anahesabiwa ana neno moyoni. Naelewa. Katika ile Idd ya 2019 nilisimama mlangoni nikiwa nimefunga mikono nyuma kama askari, na mzee mmoja aliyenijua tangu nikiwa kijana akapita bila kunitazama.

Lakini salamu ni ya ulimi. Mkono ni sunna iliyo nzuri, na hausimamishi wala hauvunji salamu. Katika Sahih Muslim imo habari ya ujumbe wa Thaqif uliokuja kumpa Mtume (S.A.W.) kiapo cha utii. Ndani yake alikuwamo mtu mwenye ukoma. Kiapo kile hutolewa kwa mkono juu ya mkono. Mtume akamtumia ujumbe kwamba kiapo chake kimekwisha pokelewa, arudi. Fikiri jambo hilo. Ahadi kubwa kuliko zote za mtu yule ilipokelewa bila mkono kuguswa, wala hakupungukiwa kitu katika Uislamu wake. Wewe na mimi tunagombania mkono wa Idd?

Waliotafuta njia ya kusalimiana kwa kiwiko au kwa mguu sina neno nao, ingawa mimi sioni uzuri wa kumpiga mtu teke ndogo asubuhi ya Idd. Weka mkono wako wa kulia kifuani, sema salamu kamili, mtaje jina lake. Watoto wafundishwe hivyo nyumbani kabla, kwa sababu wao ndio hukimbilia mikono ya wageni wote.

SAFARI

Hapa nitapita haraka, maana hadithi ya Abdurrahman bin Auf imekwisha maliza. Ebola hukaa mwilini siku 2 mpaka 21 kabla ya kujionyesha, na mtu haambukizi mpaka dalili zianze. Basi aliyemgusa mgonjwa tarehe 21 Julai 2019 siku zake zilikuwa zinatimia siku ya Idd yenyewe. Mtu kama huyo, aliyeandikwa na wahudumu wa afya kuwa anafuatiliwa, akipanda gari kwenda kula Idd kwa wakwe zake amewabebea hatari pamoja na zawadi. Mwezi wa Juni 2019 jamaa moja walitoka Uganda wakaja Kongo kwa ajili ya babu yao aliyekuwa mgonjwa, naye akafa na wakawa msibani. Waliporudi kupitia Mpondwe, mtoto wao wa miaka 5 akafa kwa Ebola, kisha na wengine wa nyumba ile. Hawakuwa na kosa. Walimpenda babu yao, na ugonjwa huu unapita hapo hapo penye mapenzi: anayemlisha mgonjwa, anayemfuta matapishi, anayemkumbatia maiti.

Piga simu. Mama yako Beni atalia kwenye simu, na wewe utalia. Nauli ya safari mpelekee kwa simu, anunue nyama.

MAITI

Sasa nafika mahali ambapo darsa hii ilitakiwa ianzie.

Mwisho wa Julai 2019, Idd ikiwa imebaki wiki mbili hivi, alifariki bibi mmoja wa jamaa ya msikiti wetu. Simtaji. Alikuwa na homa siku tatu, akatapika damu, akafa nyumbani alfajiri. Chefu wa kartye akaita timu ya mazishi, na vijana wake wakafunga lango. Nilipofika, watu wa timu walikuwa nje ya ua na nguo zao zile, na jirani mmoja ameshika jiwe. Lile jiwe halikuwa mchezo. Miezi michache nyuma vituo vya matibabu vilichomwa Katwa na Butembo, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko kutoka Cameroon aliuawa Butembo akiwa kazini. Watu walikuwa na hasira zao, na si zote za bure. Kuuawa wameuawa miaka mingi hakuna aliyekuja na gari; uchaguzi wa Desemba 2018 Beni na Butembo waliuondolewa kwa kisa cha Ebola. Lakini hasira ya mtu, hata ikiwa ya haki, ugonjwa hauijui.

Binti mkubwa wa marehemu akanijia. Nilimsomesha juzuu amma akiwa mdogo. Akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kuwa maiti ana haki nne juu yetu: kuoshwa, kuvikwa sanda, kuswaliwa na kuzikwa. Leo unataka tuiache ya kwanza?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe nusu saa." Nikarudi nyumbani nikafungua vitabu nilivyovisoma nikiwa kijana, nikaona aibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndani yake miaka yote na sikuwahi kulifundisha. Mwenye kushindikana kuoshwa, ama kwa kukosekana maji, ama kwa kuwa mwili wake umeungua na ukioshwa utaharibika, hufanyiwa tayamamu. Na kumdhuru aliye hai ni jambo zito zaidi kuliko kuharibika mwili wa maiti. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola ndio wakati wake mbaya kuliko wote. Josho la maji lenye kukamua tumbo na kupangusa ni kama kumpa kila muoshaji kikombe chake.

Na je, ikishindikana hata tayamamu? Hapa wanazuoni wamehitilafiana. Katika madhehebu yetu ya Shafi wapo waliosema maiti huyo haswaliwi, kwa sababu tohara ni sharti. Wapo wengine, wa madhehebu yetu na ya wengine, waliosema huswaliwa, maana lisilowezekana haliondoi linalowezekana. Mimi nimeshika kauli hii ya pili, na nitakutana nayo mbele ya Mola wangu.

Niongeze jambo dogo, kwa sababu siku zile lilisemwa sana: "Aliyekufa kwa maradhi haya ni shahidi, na shahidi haoshwi." Hilo si sawa. Asiyeoshwa ni shahidi wa vitani. Aliyekufa kwa tauni au kwa ugonjwa wa tumbo tunatarajia ana daraja ya shahidi huko akhera, ila hapa duniani hukumu yake ni ya maiti wengine: huoshwa ikiwezekana. Tusimfariji mfiwa kwa hukumu tuliyoibuni.

Nikarudi pale langoni. Katika timu ile alikuwamo kijana Muislamu. Maagizo ya Shirika la Afya Duniani tangu 2014, yaliyotungwa pamoja na watu wa dini wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, yana sehemu ya mazishi ya Kiislamu, na ndani yake imo tayamamu na sanda nyeupe. Sikujua. Kijana yule ndiye aliyeniambia. Tukakubaliana hivi: yeye, akiwa na glavu zake, akamfanyia tayamamu kabla ya mfuko kufungwa, sanda iliyonunuliwa na binti ikawekwa juu ya mfuko, jamaa wakatazama kutoka mbali hatua kadhaa, tukamswalia uwanjani safu zikiwa na nafasi, wanawe wakatembea nyuma ya gari mpaka makaburini, na qibla nikaihakikisha mwenyewe. Jirani akaweka jiwe chini.

Siku ya tatu majibu ya maabara yakaja. Haikuwa Ebola.

Ndugu yangu, fikiri nyumba ile ilikuwaje jioni ile. Wanawe wa kiume walikuja mlangoni kwangu. Mkubwa wao akasema, "Shehe, umemzika mama yetu bila maji kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuwa nao." Tarehe 11 Agosti hawakuswali nyuma yangu.

Nimelipima jambo hili miaka mingi. Katika hukumu, sioni kwamba tulikosea. Iko hadithi ya Masahaba wawili waliokuwa safarini, maji yakakosekana, wakatayamamu wakaswali, kisha wakapata maji na wakati ungalipo. Mmoja akarudia swala, mwingine hakurudia. Mtume (S.A.W.) alimwambia yule ambaye hakurudia kwamba ameipata sunna na swala yake imemtosha, na yule aliyerudia akaambiwa ana ujira mara mbili. Kisima kikionekana baada ya swala hakiibatilishi tayamamu iliyofanywa wakati hakikuonekana. Alfajiri ile hakuna aliyejua. Homa, damu, na Komanda iko barabara moja nasi: nani angethubutu kumwosha?

Lakini katika malezi nilikosea. Nilikuwa imamu wa mwaka mzima wa Ebola na sikuwa nimefundisha tayamamu ya maiti hata Ijumaa moja. Nilingoja mpaka kukawa na maiti ndani na jiwe nje, na mtu aliyefiwa hawezi kusoma fiqhi. Binti yule alikuwa na haki ya kulijua jambo hili akiwa mzima, mama yake akiwa mzima, wakalizungumza wao wawili wakipika.

Alinijia baada ya mwaka. Hakuomba radhi wala hakudai radhi. Aliuliza tayamamu ile ilifanywaje, uso ulipanguswa kabla ya mikono au baadaye, na kama nilisikia kijana yule akinuia. Nikamweleza yote. Akasema, "Asante, Mwalimu," akaondoka.

MGONJWA, CHANJO NA KITOWEO

Mgonjwa apelekwe mapema. Tarehe 12 Agosti 2019, siku ya pili ya Idd ile, yalitangazwa matokeo ya majaribio ya dawa yaliyofanywa hapa hapa kwetu chini ya Profesa Muyembe na wenzake. Dawa mbili zilionekana kuwa bora, na moja kati yake asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache, karibu tisa katika kumi walipona. Waliofichwa nyumbani mpaka Idd ipite hawakuwa na hesabu hiyo. Chanjo nayo walipewa zaidi ya watu 300,000. Na chanjo ya surua ya mtoto wako usiiache kwa kuwa hakuna anayeipigia kelele.

Udhuhia hauna haraka. Siku za kuchinja ni nne, tarehe 10 mpaka 13 ya Dhul-Hijja, kwa hiyo hakuna sababu ya watu mia kubanana kwa mchinjaji asubuhi moja. Nyama ipelekwe nyumba kwa nyumba na vijana wachache wenye mikono safi, waliokimbia vita wapelekewe kwanza, na asipangwe mtu foleni juani kwa kilo moja. Mbuzi mzima hana neno. Nyama ya pori ndiyo yenye hatari, popo na nyani, na mnyama aliyeokotwa amekufa ni mzoga, tulikwisha katazwa kabla ya daktari kutukataza.

TANGAZO

Kuanzia Jumamosi ya kesho baada ya Alasiri, In shaa Allah, kutakuwa na somo la josho na tayamamu ya maiti hapa msikitini, wanaume upande wa mbele, na wanawake upande wa nyuma pamoja na mwalimu wao. Tutatumia mto uliofungwa sanda. Kila nyumba ilete mtu mmoja angalau, na vijana wanaofanya kazi ya afya tunawaomba waje watuonyeshe kuvaa na kuvua glavu. Ndoo yenye robine iliyo mlangoni imepasuka. Mwenye nyingine aitoe kabla ya Idd.

Wabillahi taufiq.